Nira ya Uyole na Mwenyekiti

Nira ilinifikia Iringa ndani ya buti la basi, imefungwa kwa salfeti na kamba ya katani, ncha zake zimechomoza huku na huku kama miguu ya mtu aliyejifunika shuka fupi. Konda aliishusha huku akigombana nayo. "Dada, hili dude ni nini? Limenitobolea mizigo ya watu." Nikamwambia ni nira. Akanitazama kuanzia viatu vyangu vya ofisini hadi kilemba, akacheka. "Kwa hiyo una ng'ombe wa kulima hapa mjini?" Nikamjibu ninao wawili. Akanisaidia kuipakia kwenye bajaji na hakuniuliza tena.

Nilipoifungua sebuleni, harufu ilinipiga hata kabla salfeti haijaisha kutoka. Jasho la ng'ombe lililolowea kwenye mti miaka na miaka, samli ya kupaka shingo zao zikichubuka, na ule udongo mweusi wa Usangu ambao ukishaingia kwenye ufa wa kitu hautoki. Nilikaa chini kwenye kapeti nikalia. Baba tulikuwa tumeshamzika, na msibani nilikuwa nimejikaza vizuri tu, nikagawa chai, nikapokea wageni. Kumbe machozi yalikuwa yananisubiri kwenye buti la basi.

Kaka yangu Maduhu alikuwa amenipigia simu kabla ya kuituma. "Sisi tulitaka kuipasua kuni," alisema. "Siku hizi tuna pawatila, nani anafunga ng'ombe? Lakini mzee alikataa mpaka mwisho wake. Alisema hiyo isiguswe, ni ya Kabula tangu siku ya fuso."

Tangu siku ya fuso. Nilidhani siku ile niliikumbuka mimi peke yangu.

Kwetu ni Usangu, ndani kabisa ya mbuga, mbali na barabara kuu kiasi kwamba malori tuliyasikia tu upepo ukigeuka. Baba na mama yake walitoka Usukumani wakiswaga ng'ombe, safari ya msimu mzima, kabla mimi sijazaliwa. Walifika wakakuta Wasangu na mpunga wao, wakajifunza mpunga, na wao wakawaonyesha majirani jinsi ya kulima na maksai. Hivyo nilikua katikati ya maji na kwato. Nyumbani tulisema Kisukuma, mferejini Kisangu cha kuokoteza, shuleni Kiswahili, na kwa ng'ombe tulipiga miluzi.

Kwa aliyekua mbali na plau, nieleze kidogo. Ng'ombe wa kulima huenda wawili wawili chini ya nira moja. Wa mkono wa kulia anatembea ndani ya mfereji ambao plau imetoka kuuchimba, na wa mkono wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ambayo haijaguswa. Kila mmoja anafundishwa upande wake akiwa kijana, na huo ndio unakuwa upande wake mpaka anazeeka. Ukimbadilisha ni kama kumlazimisha mtu mzima kula ugali kwa mkono asiouzoea. Nyuma kuna mtu anayeshika plau, pembeni kuna wa fimbo, na mbele kuna mtoto anayevuta kamba na kuwaonyesha njia. Kwa wengi mtoto huyo alikuwa wa kiume. Kwetu alikuwa mimi, kwa sababu Maduhu alishakuwa na nguvu za kushika fimbo na Baba hakuwa na mtoto mwingine wa kumwamini.

Jozi yetu ilikuwa Mwenyekiti na Lori. Mwenyekiti alikuwa mzee, mwekundu, mwenye nundu iliyolala upande mmoja, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo lililoanza zizini kabla yeye hajasimama. Alivuta kushoto. Lori alivuta kulia, na jina lake linajieleza. Mwaka huo, mvua za kwanza zikiwa zinanukia tu, Lori aliumwa na nyoka malishoni akafa kabla jua halijazama. Baba akaenda mnada wa Uyole kutafuta mwenzake Mwenyekiti.

Alirudi na maksai mweusi, mchanga, mwenye kipaji cheupe, amenona hadi majirani wakaja kumwangalia. Baba alimuuliza dalali upande wake, maana pengo letu lilikuwa la kulia. Dalali akaapa kwamba amemwona kwa macho yake akilima upande wa kulia. Dalali yule angeapa hata kwamba ng'ombe anajua kuendesha baiskeli. Tukamwita Uyole, kwa mji aliotoka.

Siku ya kwanza ya kumfunga, Uyole alitembea hatua chache upande wa kulia, akajibana kushoto, akamsukuma Mwenyekiti kwa ubavu, kisha akalala chini. Alilala kabisa, kidevu ardhini, kama mtu aliyefika kwake. Maduhu alimpiga, akamvuta pembe, mwishowe akafanya wanachofanya wachunga ng'ombe wakikwama, akamng'ata mkia. Uyole aliinuka, akapiga hatua, akalala tena. Mimi nilikuwa mbele na kamba mkononi, nikimwangalia usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sura ya mgeni aliyekalishwa kwenye kiti cha mtu mwingine na anaona aibu kusema.

Ilikuwa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Majirani wote walishalima na wengine walianza kuingiza maji kwenye majaruba yao ya mpunga. Jaruba letu lilikaa na nyasi zake kama mtu asiyenyoa. Kila aliyepita njiani alikuwa na neno. "Mzee, umenunua ng'ombe au umenunua kitanda?" Baba alicheka nao, lakini jioni hakumaliza chakula chake.

Ndipo akaja yule mnunuzi wa Iringa, Mhehe mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akizunguka mbugani na fuso lake akikusanya ng'ombe wa nyama. Alimzunguka Uyole, akampapasa mgongo na paja, akamwamkia Baba kwa Kihehe. "Kamwene, mzee. Hii ni nyama nzuri. Kulima imekataa, mimi naichukua." Wakapatana kwamba akirudi kutoka upande wa mtoni atapita kumchukua, kama bado hajalima. Nilisikia yote nikiwa nimejificha nyuma ya kihenge. Siku ile ndiyo nilijua kwamba Uyole atakuwa mishikaki Iringa, mji ambao wakati huo nilidhani watu wake hawali kitu kingine.

Sasa nimlete Bibi, mama yake Baba, maana bila yeye nisingefanya nilichofanya. Bibi alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, mpenda ugoro, na aliniita mke mwenzake. Nilimkimbilia nikamuuliza kwa nini Uyole hataki kufugwa kama wenzake.

"Kwani nani alikwambia ng'ombe walilazimishwa?" akasema. "Mtu gani alikuwa na kamba ya kumshika mnyama mkubwa vile? Sikiliza, mke mwenzangu. Zamani kulikuwa na mwanamke anapika. Akamwaga maji ya magadi nje ya boma. Ng'ombe akatoka porini, akaja kulamba. Mume akashika mkuki. Mwanamke akasema, muache amalize. Kesho yake akaja na ndama. Siku mvua iliponyesha akaingia ndani ya boma, akachagua mahali pake pa kulala, na hakuna aliyemhamisha. Basi. Hakushikwa. Alikubali mwenyewe."

"Na asiyekubali?"

Bibi akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta macho. "Asiyekubali alirudi porini. Si ndiye nyati? Huyo Uyole wako mwangalie pembe. Siku pembe hizo zikikutana katikati, kimbia."

Alikuwa ananitania. Mimi nilichukua kila neno kama lilivyotoka. Nyati tulikuwa nao upande wa hifadhi, na nilishawaona kwa mbali na zile pembe zao zilizoungana utosini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya shule, niliingia zizini, nikaweka kiganja changu katikati ya pembe za Uyole kupima kama zimesogea. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ng'ombe ni nyati aliyekubali, na kwamba Uyole yuko katikati ya njia, hajaamua. Usiku wowote angeweza kugeuka. Nilienda nimebeba magadi mkononi, ili aone kwetu kuna ukarimu.

Hata shuleni sikunyamaza. Mwalimu wetu wa sayansi, kijana mpole wa Kibena, alituambia kwamba binadamu wa kale waliwakamata wanyama pori, wakawafungia, na kidogo kidogo wakawa wa kufugwa. Nikanyoosha mkono. "Hawakukamatwa, mwalimu. Walikuja wenyewe."

"Walikuja wenyewe, Kabula? Wakapiga hodi?"

"Ndiyo, mwalimu. Mwanamke akawaambia karibu."

Darasa zima lililipuka. Kwa muda mrefu watoto walinipigia hodi kila nilikopita. Leo nasikia hata wasomi wanasema wanyama wengine, kama mbwa na paka, huenda walijisogeza wenyewe karibu na makazi ya watu kwa sababu walipata cha kula, na nikisikia hivyo natabasamu peke yangu ofisini. Ila wakati ule nilirudi nyumbani nimenuna, nikaenda zizini moja kwa moja kumwambia Uyole afanye haraka.

Na kwa sababu ya imani hiyo, niliona kitu. Bibi alisema ng'ombe aliyekubali huchagua mahali pake, kwa hiyo mimi nilikuwa nasubiri Uyole achague. Jioni tukitoka malishoni nilimwangalia anakotembea. Alitembea na Mwenyekiti, ubavu kwa ubavu, maana hao wawili walishakuwa marafiki, na kila mara Uyole alikuwa kushoto. Nilimsukuma kwa fimbo aende kulia. Akapunguza mwendo, akapita nyuma ya Mwenyekiti, akatokea tena kushoto. Kwenye maji, kushoto. Zizini, wakisimama wakicheua, alimzunguka mzee wa watu mpaka akapata kushoto. Nilirukaruka kwa furaha. Kwangu mimi hilo lilimaanisha jambo moja tu, kwamba Uyole ameamua kutokuwa nyati.

Nilimkuta Baba ananoa ulimi wa plau, kazi aliyokuwa akiirudia kila jioni ingawa plau haikuwa inalima. "Baba, Uyole amekubali. Lakini anataka kukaa kushoto."

Baba hakucheka. Aliweka tupa chini. "Unasemaje, mama?" Nikamweleza yote, malishoni na majini na zizini. Akasema polepole, "Hilo nimelifikiria. Inaonekana yule dalali alinidanganya. Lakini kushoto ni kwa Mwenyekiti tangu ujana wake. Nikimhamisha na yeye akakataa, nitakuwa na ng'ombe wawili waliolala. Huyu mzee ndiye pekee aliyebaki."

Maduhu naye akaingia. "Baba, Mwenyekiti hawezi kufundishwa upya. Tuuze hiyo nyeusi, tutafute nyingine."

"Mwenyekiti nitamwomba mimi," nikasema.

Walitazamana. Nadhani Baba alikuwa amechoka kuchekwa. Akasema, "Haya. Kamwombe. Kesho asubuhi tutaona."

Nilienda kwa Mwenyekiti jua likiwa linazama, nikasimama mbele yake, nikamwamkia. Shikamoo, Mwenyekiti. Ndivyo nilivyofundishwa kuanza na mtu mkubwa nikiwa na shida. Nikamwambia kwamba Uyole ni mgeni, kwamba ametoka mbali, kwamba kwao alikuwa wa kushoto, na kwamba yule mtu wa kofia ya sufu anarudi na fuso. Nikamwekea pumba za mpunga zilizochanganywa na magadi, na nikakaa hapo mpaka akamaliza. Kisha nikampaka samli shingoni, upande ambao ungeguswa upya na vijiti vya nira, kwa sababu nilijua utachubuka. Bibi alikuwa mlangoni ananitazama.

Asubuhi tukawafunga. Baba mwenyewe aliinua nira, akaanza na Mwenyekiti, akampeleka kulia. Mzee alisimama. Aligeuza kichwa akatazama kushoto, mahali pake pa miaka yote, akakuta Uyole ameshasimama hapo ametulia, macho mbele, kama mtu aliyerudi kitini kwake. Mwenyekiti akapumua kwa nguvu mpaka vumbi likaruka. Nikaogopa kwamba sasa yeye ndiye atalala.

"Kabula," Baba akaniita kutoka nyuma, mikono kwenye plau. "Usigeuke. Angalia ule mti kule mwisho, tembea. Wakifuata wamefuata."

Nikatembea. Kamba ililegea, kisha ikakaza, kisha ikalegea tena, na nikasikia mlio wa plau ukikata ardhi, mlio ambao mwaka ule kwenye jaruba letu haukuwa umesikika zaidi ya hatua chache. Nilitamani kugeuka mpaka shingo ikaniuma. Nilimsikia Maduhu akisema, "Anavuta! Baba, hii nyeusi inavuta!" Na kweli Uyole alivuta kama mtu aliyenyimwa kazi siku nyingi. Aliyeteseka alikuwa Mwenyekiti. Tulipogeuza kurudi, mfereji ulikuwa upande wake, na yeye hajawahi kuweka mguu mferejini. Alijikwaa akapiga goti. Akapanda juu, nikamvuta taratibu, akashuka. Akajikwaa tena. Nikawa namsemesha kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa chochote kilichonijia mdomoni. Mzunguko ule mstari wetu ulipinda kama nyoka. Uliofuata ulipinda kidogo. Jua lilipopanda, Mwenyekiti alikuwa anatembea ndani ya mfereji akiwa ameinamisha kichwa, anaangalia anapokanyaga, kwa uangalifu wa mzee anayeshuka ngazi.

Majirani waliacha majembe yao wakaja kusimama kwenye kingo. Hakuna aliyetaja kitanda.

Tulikuwa tumebakiza sehemu ndogo tu fuso lilipokuja likiyumba kwenye njia ya mbugani, limejaa ng'ombe nusu. Mnunuzi akashuka na kofia yake, akaja mpaka ukingoni, akatuangalia tunakwenda na kurudi. "Kamwene, mzee," akasema. "Mbona ng'ombe yangu inalima?"

Baba alisimamisha plau. Akafuta jasho. Nilijua atasema maneno ya watu wazima, ya mapatano na udhuru. Badala yake akanyoosha mkono mbele, kwangu. "Mimi hiyo ng'ombe ilinishinda. Mwenyewe ni yule pale. Muulize."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimepakaa tope mpaka magotini, gauni la shule la zamani limechanika kwapani, kamba imenikata viganja. Yule mtu alikuwa na adabu zake, nampa haki yake. Alinisogelea, akainama kidogo. "Kamwene, binti. Unaniuzia?"

"Siuzi."

"Hata ukipata nyingine nzuri?"

"Siuzi," nikasema tena, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye fuso. Watu wakacheka, mnunuzi mwenyewe akacheka. Baba hakucheka. Alisema, "Umesikia," akashika plau yake, akapiga mluzi, na sisi tukaendelea na kazi.

Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, nasema kwa kujisifu. Nimefanya mambo mengi tangu siku ile, nimesoma, nimesimama mbele ya wakubwa wa mkoa nikaeleza nilichoelewa, na watu wamenipigia makofi. Lakini ninapoitwa kusema mbele ya wanaume wengi, huwa naitazama nukta moja mwisho wa chumba, natembea, na najua nyuma yangu kuna baba yangu ameshika plau.

Jioni ile nilimkimbilia Bibi kwenye mafiga, bado nina tope. "Bibi, umeona? Uyole amekubali! Hawezi tena kuwa nyati!"

Bibi alikoroga chungu chake, akaniangalia kwa jicho moja. "Uyole alikubali zamani, mke mwenzangu, tangu huko alikotoka. Leo waliokubali ni wazee wawili. Mwenyekiti, na huyo baba yako."

Sikuelewa. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya, nikaenda kunawa.

Uyole na Mwenyekiti walilima pamoja hivyo hivyo, mweusi kushoto, mwekundu kulia, mpaka Mwenyekiti alipokosa nguvu. Baba hakumuuza hata yeye. Alimwacha azeeke zizini, na mimi nikija likizo nilikuwa namwamkia kwanza kabla ya kuingia ndani.

Nira nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni. Wageni hudhani ni pambo la kununua, na fundi aliyeipigilia alinishauri niipige msasa na vanishi. Nikamkataza. Upande wa kushoto umelika sana, kwa kuwa shingo mbili zilifanya kazi mahali pale pale, moja baada ya nyingine. Upande wa kulia nao kuna sehemu iliyolainika pembeni kidogo ya ile ya Lori, mahali ambapo ng'ombe mzee alianza upya. Asubuhi nikienda kazini huwa napitisha mkono hapo, nasema shikamoo, halafu nafunga mlango.